Honda au Yamaha? Kijiji Kimoja Chachagua Pikipiki



Mwezi huu tuzungumze juu ya pikipiki. Si pikipiki ya kutembelea kwenye lami mjini. Ni pikipiki ya safari za njia mbaya: milima, mawe, mchanga, tope na mito. Pikipiki za namna hiyo ni nyingi. Lakini huku vijijini mbili zimejulikana kwa miaka mingi. Moja ni Honda XL 125. Nyingine ni Yamaha AG 100. Mabwana shamba, mabwana mifugo na waganga wamezitumia sana. Herufi AG zinatokana na neno la kigeni lenye maana ya kilimo.

Zote mbili hutoka katika makampuni ya Japani. Kila moja ina wapenzi wake. Ukitaka watu wabishane mpaka jua lizame, waulize ipi ni bora.

Mimi nimeyasikia mabishano hayo. Nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha milimani. Kamati ya afya ilikuwa imekusanya fedha kutokana na mauzo ya kahawa. Wanakijiji walitaka kuinunulia zahanati yao pikipiki. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo za watoto katika vitongoji vitatu vilivyo ng'ambo ya mto.

Kabla ya hapo muuguzi alikwenda kwa miguu. Chanjo hazivumilii joto. Akichelewa njiani, barafu huyeyuka na chanjo huharibika. Akina mama waliokaa tangu asubuhi na watoto wao hurudi nyumbani bure. Ndiyo sababu jambo hili halikuwa mchezo.

Mjini walikuwa wamepata pikipiki mbili zilizokwisha tumika, Honda na Yamaha. Bei zilikuwa karibu sawa. Fedha zilitosha moja tu. Mwenye mali alikubali zote mbili ziletwe kijijini zitazamwe.

Kijana mmoja alisimama kwanza.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi nasema Honda. Injini yake ni kubwa zaidi. Hata sauti yake ni ya kiume."

Watu walicheka. Mzee mmoja akajibu akiwa amekaa:

"Mwanangu, sauti haipandi mlima. Bwana shamba wetu wa zamani alikuwa na Yamaha. Alipita humu masika na kiangazi. Mimi nasema Yamaha."

Basi mkutano ukagawanyika. Upande huu Honda, upande ule Yamaha. Mwalimu wa shule akaomba nafasi.

"Wazee wangu, shikamooni. Nawaomba mnisikilize. Yako mashindano yaliyoanzishwa na Wafaransa. Waendeshaji walitoka Paris wakavuka jangwa la Sahara mpaka Dakar, nchini Senegal. Mashindano ya kwanza yalimalizika mwaka 1979. Mshindi wa pikipiki alikuwa Mfaransa, Cyril Neveu. Alipanda Yamaha. Mwaka 1980 alishinda tena kwa Yamaha. Mwaka 1982 alishinda kwa Honda. Akashinda tena kwa Honda mwaka 1986 na mwaka 1987. Pikipiki zile zilikuwa kubwa kuliko hizi zetu. Lakini mtu ni yule yule. Je, sifa ni ya chombo peke yake?"

Watu wakatulia. Mwenyekiti akamwita fundi aliyefuatana na pikipiki hizo kutoka mjini. Alimwambia: "Fundi, tueleze kwa lugha ya kueleweka. Usituuzie. Tueleze."

Haya ndiyo maelezo ya fundi.

Injini ya Yamaha AG 100 ni ya mipigo miwili. Maana yake ni hii. Pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, petroli imekwisha kuwaka. Injini ya Honda XL 125 ni ya mipigo minne. Pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili, ndipo petroli iwake mara moja.

Injini ya mipigo miwili ina vipande vichache. Haina vali za kupimwa na kurekebishwa. Fundi wa kijijini mwenye spana chache anaweza kuifungua na kuifunga. Lakini injini hiyo huchoma oili pamoja na petroli. Ndiyo maana hutoa moshi. Yamaha hii ina tangi la petroli, na ina tangi dogo la oili ya 2T. Pampu yake huichanganya oili yenyewe. Tangi la oili likikauka nawe ukaendelea kwenda, pistoni itakwama ndani ya silinda. Hapo gharama ni kubwa. Tena injini ya namna hii hunywa petroli zaidi, na plagi yake hushika masizi mara kwa mara.

Injini ya mipigo minne haitaki oili ndani ya petroli. Oili yake hukaa chini ya injini. Hutumia petroli kidogo zaidi. Ukiteremka mlima na mzigo, injini husaidia kuizuia pikipiki isikimbie. Breki hupumzika. Lakini oili yake huchakaa. Ni lazima kuimwaga na kutia mpya kwa wakati. Vali zake nazo zinataka kupimwa na kurekebishwa na fundi anayejua.

"Na mnyororo?" aliuliza mama mmoja. "Baiskeli yangu hunisumbua hapo tu."

Fundi akamjibu: "Umeuliza vizuri, mama. Mnyororo wa Yamaha umefunikwa ndani ya kasha. Tope na mchanga haviufikii kwa urahisi. Mnyororo wa Honda uko wazi. Utaka kusafishwa na kupakwa oili mara nyingi, hasa masika. Lakini hata huu uliofunikwa usisahauliwe. Watu wengi hawautazami kwa kuwa hawauoni."

Mkutano ukaanza kubishana upya. Sasa wapo waliotaja petroli, wengine mnyororo, wengine mteremko wa mtoni. Ndipo mzee yule akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza:

"Nani ataipanda?"

Wote walimgeukia muuguzi. Alikuwa amekaa nyuma na akina mama. Alikuwa amejifunza kuendesha na alikuwa na leseni. Lakini tangu asubuhi hapakuwa na mtu aliyemwuliza neno.

Mwenyekiti akasema: "Tusamehe, Mama Muuguzi. Njoo uzijaribu."

Muuguzi aliikalia Honda kwanza. Ilisimama juu kidogo kwake. Aligusa ardhi kwa ncha za vidole. Kisha akaikalia Yamaha. Hapo alikanyaga vizuri zaidi. Akaleta sanduku lake la chanjo. Yamaha ilikuwa na keria mbele na nyuma. Sanduku likakaa nyuma, na mfuko wa vifaa ukakaa mbele. Honda ile haikuwa na keria. Ilibidi itengenezwe.

Muuguzi akasema: "Wazee wangu, Honda ni nzuri, na petroli itapungua. Lakini katikati ya mto pikipiki ikiyumba, ni lazima mguu wangu ushike chini. Nikianguka mimi, chanjo nazo zimeanguka."

Fundi wa kijiji naye akaulizwa. Alisema amekwisha kufungua injini za mipigo miwili mara nyingi. Vali hajazirekebisha bado.

Basi wakachagua Yamaha. Kijana yule hakufurahi. Alisema: "Sawa, lakini petroli ya ziada italipwa na nani?" Lilikuwa swali la haki, na Mwenyekiti hakulipuuza. Kamati ilikubaliana mambo manne:

1. Fedha zilizobaki zisiliwe. Ziwekwe kwa ajili ya petroli, oili, tairi, plagi na mnyororo.

2. Oili ya 2T inunuliwe kabla ya petroli. Chupa moja iwe akiba zahanati siku zote.

3. Kila safari iandikwe katika daftari: tarehe, kilometa na lita.

4. Pikipiki ni ya kazi ya zahanati. Haitapelekwa harusini wala mnadani.

Ndugu msomaji, labda kijiji chako kitachagua Honda, na kitakuwa sahihi. Kama petroli iko mbali, oili ya 2T ni adimu, miteremko ni mirefu, na fundi wako anazijua vali, Honda itakufaa zaidi. Usichague kwa sifa za barazani. Mwulize atakayeipanda. Mwulize atakayeitengeneza. Tazama njia na mzigo. Ulizia vipuri dukani kabla ya kulipa.

Daftari lile ni muhimu pia. Linakuonyesha ukweli wa petroli. Jaza tangi mpaka juu. Andika namba ya kilometa. Tembea siku kadhaa, kisha jaza tena mpaka juu. Tuseme umetembea kilometa 120 na umejaza lita 4. Gawanya 120 kwa 4. Utapata 30. Maana yake lita moja imekupeleka kilometa 30. Ikiwa mwezi ujao utapata 22 kwa njia ile ile, kuna kasoro. Chunguza kabureta, breki zinazoshika, au tangi linalovuja.

Na kila asubuhi, kabla ya kuondoka, tazama mambo haya: oili, petroli, upepo wa tairi, breki, mnyororo, taa na nati zilizolegea. Kazi hiyo haizidi dakika chache. Chukua pampu, viraka, plagi moja ya akiba na spana. Vaa kofia ngumu, na abiria wako avae yake.

Yako mafunzo yaliyotokea Somalia mwaka 1988. Wageni wawili, Barry Coleman wa Uingereza na Randy Mamola wa Marekani, walikwenda kuona kazi za afya. Mamola alikuwa mwendeshaji wa pikipiki za mashindano. Waliona vyombo vya kazi ya afya vimekaa bure vinashika kutu, kwa sababu havikuwa na matunzo. Baadaye kazi yao ilizaa shirika la Riders for Health. Shirika hilo lilifundisha wafanyakazi wa afya katika nchi mbalimbali za Afrika namna ya kuendesha na kutunza pikipiki. Tazama basi: vyombo vilikuwapo, lakini wagonjwa hawakufikiwa.

Nilipoondoka katika kijiji kile, fundi wa kijiji na muuguzi walikuwa wamechuchumaa kando ya Yamaha. Fundi alikuwa akimwonyesha mahali pa kutazama oili. Kijana mpenda Honda alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa ameshika daftari jipya. Kamati ilikuwa imemchagua yeye aandike lita na kilometa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini oili ya 2T isikauke katika Yamaha AG 100?

2. Honda XL 125 inafaa zaidi katika mahali pa namna gani?

3. Umetembea kilometa 175 kwa lita 5. Lita moja imekupeleka kilometa ngapi?

4. Katika kijiji chenu, mnaponunua chombo cha kazi, mnamwuliza nani kwanza?

Kwa herini mpaka mwezi ujao. Tutazungumza juu ya namna ya kuziba pancha ukiwa njiani.