Okidi ya Harusi Haijafa, Usiitupe

 

Leo nina neno juu ya okidi. Lile ua la chungu lenye majani manene chini na kijiti kirefu kilichopinda, maua yamejipanga kama nondo waliotua. Siku hizi, kati ya mashuka, vyombo na udi anavyoletewa bi harusi, mara nyingine utaikuta na okidi, imefungwa utepe na karatasi inayong'aa. Hupendeza sebuleni miezi miwili, hata mitatu. Kisha maua yanaanza kudondoka moja moja, kijiti kinabaki kitupu, na chungu kinakwenda jaani.

Maoni yangu ni haya: okidi nyingi tunazozitupa ziko hai. Na zile zilizokufa kweli, mara nyingi hazikufa kwa kusahauliwa. Zimekufa kwa kushughulikiwa mno.

Sisi watu wa visiwani tumelelewa na maua ya usiku mmoja. Yasmini huchumwa jioni, hutungwa vikuba, huvaliwa usiku, na asubuhi yamenyauka na hakuna anayesikitika. Mkadi, mrihani na langilangi nayo ni hivyo hivyo. Hayo ndiyo matumizi yake, na ni mazuri. Lakini ukishachuma yasmini, mti wake umebaki uani. Okidi uliyopewa, mti wenyewe ndio uliomo ndani ya chungu. Maua yake yakidondoka ni kama mwembe uliomaliza msimu, na hakuna anayeukata mwembe kwa sababu embe zimekwisha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya fedha zinazotupwa. Wapo wanaomwona mwali aliyeolewa juzi, ua lake limepukutika, wakasema, "Mh, ua limeshakufa, na ndoa nayo tuiombee." Husemwa kwa mzaha, lakini mwali analala na neno lile. Dini yetu imekataza tiyara, yaani kukifanya kitu kama ndege au ua kuwa ishara ya nuksi. Na ukiutazama mmea wenyewe, utaona hauna habari na ndoa ya mtu. Umechanua, umemaliza, sasa unapumzika na kukusanya nguvu. Bibi zangu na shangazi zangu, naomba neno hili tuliache.

Utasikia pia kwamba okidi ni ua la nchi za baridi, kwetu haliwezi. Si kweli. Aina hii inayouzwa kwenye vyungu, ambayo jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis, asili yake ni misitu ya joto na unyevu ya Asia, kama Ufilipino na Indonesia. Huko Ulaya ndiko inakolazimika kuwekwa kwenye nyumba za kupashwa joto. Tena sisi tunaishi na okidi nyingine tangu zamani ila hatuiiti hivyo: vanila. Ile inayotambaa juu ya miti kwenye mashamba ya viungo ni okidi, asili yake Meksiko. Ua lake hudumu siku moja tu, na huchavushwa kwa mkono, moja moja, kwa kijiti chembamba. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Basi tusiambiwe kwamba mikono ya visiwani haiwezi okidi.

Tofauti yake na maua mengine ni mizizi. Okidi hii haiishi kwenye udongo. Kwao hujishika kwenye gome la mti, bila kuunyonya mti huo, na mizizi yake hukaa hewani. Kila mzizi umefunikwa ngozi nyeupe laini kama sifongo, inayofyonza maji ya mvua kwa haraka kisha ikakauka kwa upepo. Ukiloa, mzizi huwa kijani. Ukikauka, huwa na rangi ya fedha. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji. Ukilijua hilo, mengine yote utayaelewa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza: haraka ya kubadilisha chungu. Mwali anapewa okidi leo, kesho anataka kuihamishia kwenye chungu kikubwa kizuri na kukijaza udongo wenye samadi. Nia ni njema, lakini udongo huziba hewa na mizizi huoza ndani ya wiki chache. Sisi tuna msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Kwa okidi yenye maua, hata mwezi wa tatu bado ni mapema. Mmea umetoka shamba la mbali, umepakiwa, umesafirishwa, umekaa dukani. Acha uzoee nyumba. Ukiuhamisha wakati umebeba maua, huenda ukayamwaga yote.

Siku ya kwanza fanya mambo matatu tu. La kwanza, ondoa karatasi, utepe na lile kopo la pambo lisilo na tundu, maana maji husimama humo usiyaone. Ndani yake kuna kikopo cha plastiki chenye matundu. Mara nyingi huwa cheupe kinachoonyesha ndani, na hicho kiache. La pili, iweke karibu na dirisha lenye mwanga lakini lisilopigwa na jua kali. Dirisha la mashariki linafaa, na kibaraza chenye kivuli kinafaa pia. Isikae mbele ya kiyoyozi wala feni. La tatu, usiiweke meza moja na ndizi au embe zinazoiva, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huangusha vichomozo vya maua kabla havijafunguka.

Najua wapo wakulima wa okidi wanaosema badilisha chungu mara tu unapoinunua. Wana hoja. Baadhi ya mashamba hupanda miche ndani ya kibonge kilichokazwa, na kibonge hicho hubaki katikati ya mizizi kikiwa kimeloa hata juu kukiwa kukavu. Kwa hiyo usiende kwa tarehe, nenda kwa dalili. Chungulia kikopo. Mizizi ikiwa migumu, ya kijani au ya rangi ya fedha, subiri mpaka maua yaishe. Ikiwa ya kahawia na laini, chungu kinanuka uozo, na majani yanalegea ilhali ndani kumeloa, hapo usingoje. Afadhali upoteze maua ubakiwe na mmea.

Wakati wa kuhamisha ukifika, yaani maua yameisha na unaona ncha mpya za mizizi au jani changa, fanya hivi.

Tafuta makumbi ya nazi, kitu ambacho kwetu hakina bei. Lakini usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwa kuwa yamejaa chumvi na chumvi huunguza mizizi. Chukua makumbi makavu ya shamba, yakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uyaroweke kwenye maji baridi siku tatu au nne ukiyabadilisha kila siku. Changanya na vipande vya makaa, sehemu tatu za makumbi kwa moja ya makaa. Makaa husaidia kuacha nafasi za hewa.

Nywesha mmea kwanza ili mizizi ilainike. Bonyeza kikopo pembeni, utoe mmea taratibu, upukute vitu vya zamani pamoja na kibonge cha katikati. Safisha mkasi kwa spiriti. Kata mizizi iliyooza tu, ile ambayo ukiibonyeza inatoa maji au inabaki kama uzi mtupu. Mizima, hata ikiwa imepindapinda, usiiguse. Penye jeraha paka mdalasini wa unga kidogo upakaushe, lakini usiumwagie mizizi mizima kwa sababu nayo itakauka.

Chungu kipya kisizidi sana ukubwa wa mizizi. Kikubwa mno hushika maji mengi. Kiwe na matundu mengi. Hata kopo la plastiki ulilolitoboa kwa msumari wa moto linafaa. Panga mizizi, jaza vipande ukigongagonga chungu, na shina linapokutana na majani libaki juu, lisifukiwe. Kisha usinyweshe kwa siku tatu au nne ili majeraha yafunge. Iweke kivulini, uiache.

Kuhusu maji, usitie kila siku. Inua chungu: kikiwa chepesi na mizizi ina rangi ya fedha, tia maji, kikiwa kizito na mizizi bado ya kijani, pita. Mwenye okidi iliyo kwenye makumbi huenda akatia mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi na mara moja wakati wa masika, lakini mizizi ndiyo itakayokwambia. Wakati mzuri ni asubuhi, ukishamaliza Alfajiri na kazi za mwanzo, ili majani yakauke kabla ya usiku. Mimina maji yapite yote, usubiri yachuruzike, na yasisimame katikati ya majani, kwani moyo wa mmea ukioza ndio mwisho wake.

Maji ya visima vyetu vingi yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Maji ya mvua ndiyo bora. Weka ndoo chini ya bati siku za mvua, uyahifadhi kwenye dumu lililofunikwa, mbu wasizaliane. Mbolea iwe ile ya kuchanganya na maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili kwa mwezi wakati mmea unatoa majani. Samadi iache kwa mchicha.

Maua yakiisha, tazama kijiti. Kikiwa cha kijani, kikate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Huenda kikatoa tawi jingine. Kikikauka kuwa cha kahawia, kikate karibu na shina. Baada ya hapo utakaa miezi kadhaa ukiona majani tu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe mmea unafanya kazi. Phalaenopsis huanzisha kijiti cha maua ikipata wiki kadhaa za joto la chini ya nyuzi 26 hivi. Joto likikaa juu ya nyuzi 28 usiku na mchana, hutoa majani peke yake. Kwetu ubaridi huo tunaupata kipupwe, Juni hadi Agosti. Miezi hiyo iweke penye dirisha lililo wazi usiku au kibarazani penye kivuli. Ukiona kichomozo kinatoka kati ya majani na ncha yake ni kama kidole kilichovaa glavu, hicho ndicho kijiti, si mzizi.

Nimalizie kwa maneno mawili.

Kwa wanaotoa zawadi: ukimpelekea bi harusi okidi, mwandikie na karatasi ya maelezo, mistari mitano inatosha. Mpe zawadi anayoweza kuitunza, asije akaona aibu baada ya miezi miwili. Na tafadhali, tusinunue okidi zilizong'olewa msituni. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na ile inayong'olewa mtini aghalabu hufa. Nunua iliyooteshwa.

Kwa mwali mwenyewe: una nyumba mpya, wakwe wapya, na watu wengi wa kukwambia fanya hivi, usifanye vile. Chungu hiki kisikuongezee mzigo. Hakitaki zaidi ya dakika kumi kwa wiki na jicho linalotazama kabla ya mkono kushika. Kama okidi yako imebaki majani matupu, ichunguze mizizi leo. Ikiwa bado migumu na ya kijani, una mmea mzima. Uweke penye mwanga, uupe maji ukikauka, na ungoje kipupwe, inshaallah.