Mathe alikaa nyuma ya nguzo

Wasee, najua muziki wa klasiki si ngoma yenu. Nipeni dakika mbili tu.

Kila Septemba, Jumamosi moja, msimu wa Proms hufungwa pale Royal Albert Hall, London. Mimi huangalia klipu kwa YouTube na lazima nicheke. Okestra imevaa rasmi kabisa, halafu huko chini watu wako na bendera, puto na honi, wanachezesha magoti nyimbo za mabaharia zikipigwa, hadi kondakta anageuka anaanza kuwaongoza wao. Sanamu ya Henry Wood inavishwa taji la majani. Ni kama derby, ila ya vayolini.

Kuna kipande huwa naruka. "Rule, Britannia!" ni ya 1740, inajigamba kuhusu kutawala bahari, na miaka hiyo meli za Waingereza zilikuwa zinabeba watumwa. Mwaka wa 2020 BBC walitaka ipigwe bila maneno, watu wakawaka, maneno yakarudi. Waimbe tu, ni kwao. Mimi bendera hiyo ilishushwa kwetu 1963, sina haja ya kuipandisha kwa simu yangu.

Lakini kitu ninachowaonea wivu ni sakafu.

Proms zilianza 1895 kwa sababu meneja wa Queen's Hall, Robert Newman, alitaka mtu wa kawaida azoee huu muziki polepole. Tiketi ya kusimama ilikuwa shilingi moja. Ukumbi huo ulipigwa bomu 1941, wakahamia Royal Albert Hall, na kusimama kukaendelea. Hadi leo wa tiketi rahisi wanasimama katikati, mbele ya okestra, karibu hadi unaona jasho la kondakta. Maboksi ya wenye pesa yako pembeni. Yaani aliyelipa kidogo ndiye yuko karibu. Hebu fikiria hiyo Nairobi!

Desemba iliyopita bro wangu mdogo alicheza vayolini kwa konsati ya kufunga mwaka. Mathe alitoka Kayole na matatu mbili, amesukwa, amevaa ile nguo ya harusi za watu. Safu tatu za mbele zilikuwa viti vya vitambaa vyeupe. Akajaribu kukaa. "Samahani mama, hapo ni pa wageni waalikwa." Akapelekwa nyuma, nyuma ya nguzo. Kijana wake alipopiga peke yake, mathe aliona ncha ya upinde tu, ikipanda ikishuka. Na manze, safu mbili kati ya hizo tatu zilibaki tupu hadi mwisho. Nilizihesabu kwa hasira.

Najua mtaniambia wafadhili ndio wanalipa ukumbi. Sawa, wapeni viti vizuri, chai, hata maua. Ila wawekeni pembeni. Muziki hautapungua. Halafu tunashangaa eti mbona vijana wa mtaa hawaji konsati. Waje waangalie migongo ya viti?

Mwaka huu bro anacheza tena. Kama wewe ndiye unapanga ukumbi, ondoa zile safu tatu na uache sakafu wazi. Nilimuuliza mathe kama miguu itavumilia masaa mawili. Akasema atakuja na raba.