Rangi ya Mjusi Si Jina Lake

Miongoni mwa wanyama ambao watu wa Marekani na Ulaya huwafuga majumbani mwao, yumo mjusi mkubwa aitwaye tegu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Ajentina, Brazili na Paragwai. Kwa umbo anafanana na kenge wetu, ingawa si wa ukoo mmoja naye, na dume aliyekomaa aweza kuzidi urefu wa mita moja. Wauzaji humtangaza kwa rangi: mweusi na mweupe, mwekundu, wa buluu, mweupe pepe. Mnunuzi naye hudhani kwamba kila rangi ni aina ya mnyama mbali. Kwa maoni yangu, dhana hiyo ni potofu, na walimu wa biolojia wana wajibu wa kuing'oa mapema, kwa kuwa madhara yake hayaishii kizimbani.

Tuzitazame rangi hizo moja moja. Tegu mweusi na mweupe, Salvator merianae, na yule mwekundu, Salvator rufescens, ni spishi mbili kweli. Lakini wakifugwa pamoja huweza kuzaana, wakapata watoto wenye rangi za katikati. Yule aitwaye wa buluu ni Salvator merianae yule yule, ila ana rangi iliyopauka. Mweupe pepe amerithi kutoka kwa kila mzazi jeni inayozuia kutengenezwa kwa melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi. Wazazi wenyewe waweza kuwa na rangi ya kawaida. Iwapo wote wawili wanaibeba jeni hiyo, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hutoka mweupe. Hii ni kanuni ya Mendel ambayo wanafunzi huisoma darasani kwa mfano wa njegere.

Umri nao una sehemu yake. Mtoto wa Salvator merianae huanguliwa akiwa na kichwa cha kijani kibichi. Baada ya kujichuna ngozi kwa miezi michache, kijani hicho hutoweka. Mtu anayefuata rangi peke yake angeandika spishi mbili mahali palipo na moja.

Kosa hili lina gharama. Ili kuipata upesi rangi adimu yenye bei kubwa, wako wafugaji wanaozalisha ndugu kwa ndugu. Kwa njia hiyo jeni yenye hitilafu, iliyokuwa imejificha kwa wazazi, hukutana na mwenzake, na mtoto akazaliwa dhaifu.

Pengine msomaji atauliza: mambo ya Amerika yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu soko hilo hilo linalompima mjusi kwa rangi limekwisha fika Morogoro. Katika msitu wa Kimboza, karibu na milima ya Uluguru, anaishi mjusi mdogo, Lygodactylus williamsi. Dume lina rangi ya buluu ing'aayo. Jike huwa la kijani au hudhurungi. Makao yake ni miti ya jamii ya mkadi. Kwa ajili ya buluu ile, mijusi hawa walikamatwa kwa maelfu na kupelekwa nje, na mikadi ikakatwa ili wafikiwe. Mwaka 2016 mkutano wa kimataifa uliofanyika Johannesburg uliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaotoka porini. Uamuzi ulikuwa mwema, lakini mti uliokatwa haurudi kwa azimio.

Kwa hiyo nawasihi walimu: mwanafunzi anapoleta mjusi darasani na kumtaja kwa rangi, asisifiwe kwanza. Aulizwe: Huyu ana umri gani? Ni dume au jike? Wazazi wake walikuwaje? Ametazamwa saa ngapi? Somo hili halihitaji tegu wala fedha za kigeni. Mjusi kafiri wa ukutani hupauka usiku na kukoza mchana. Daftari, saa na kipimajoto vyatosha kuanzia. Mwanafunzi atakayejaza kurasa mbili za daftari lake kwa namna hiyo atakuwa ameielewa rangi kuliko mnunuzi aliyetoa mamia ya dola.