Kwa nini dharura za Bunge huiva Juni, kama mahindi?

Wiki hii kwenye vimbweta ubishi ulikuwa juu ya Bunge, eti wabunge wetu wanalala tu na kugonga meza. Mimi hoja yangu sikuimalizia kwa sababu watu walikuwa wanawahi msosi, kwa hiyo naileta hapa. Nasema hivi: kabla ya kumhukumu mbunge kwa alichosema, uliza kwanza alipewa kusema lini na kwa dakika ngapi.

Sisi wa elimu hili halitupi shida. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Ukienda BTP, msimamizi akiingia darasani anaomba andalio la somo, anaangalia umezigawaje zile dakika: utangulizi ngapi, maarifa mapya ngapi, wanafunzi watafanya nini na saa ngapi. Ukitumia dakika 30 kwenye utangulizi halafu ukamwaga somo lote kwenye dakika 10 za mwisho, hata kama uliyoyasema ni kweli tupu, hujafundisha. Umemaliza kipindi tu.

Sasa chukua macho hayo hayo uyapeleke Dodoma.

Mbunge akiitwa kuchangia anapata dakika kama 10, mara nyingine 5. Anaanza: namshukuru Mwenyezi Mungu, nampongeza Mheshimiwa Rais, nampongeza Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu, nawashukuru wapiga kura wangu na familia yangu... Kengele ya kwanza hiyo. Barabara ya jimboni inatajwa kwa kukimbia. Kengele ya pili. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Anakaa. Hapo mtu wa Kasense aliyekuwa ameegesha sikio kwenye redio akisubiri neno kuhusu mbolea anabaki anajiuliza, hivi mbolea imetajwa au imenipita?

Lakini hizo salamu ni kosa dogo, lile tunaloliona na kulicheka. Kubwa ni ratiba yenyewe.

Kwa utaratibu wa kawaida muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, ndipo unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa. Safari hiyo ina nafasi ya mtu kusoma, kuuliza na kupinga. Ila kuna njia ya mkato inaitwa hati ya dharura. Hati hiyo ikiwepo, safari nzima inaweza kwisha ndani ya siku chache.

Sikatai, nchi inaweza kupata dharura kweli. Kinachonishangaza mimi ni kalenda. Hebu hesabuni nami.

Julai 2015: miswada mitatu mizito ya mafuta, gesi na mapato yake, kwa hati ya dharura, siku chache kabla Bunge halijavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Kulikuwa na vurugu, wabunge wa upinzani wakasimamishwa, sheria zikapita.

Mwaka 2017: miswada mitatu ya rasilimali na mikataba ya madini inaletwa mwishoni mwa Juni, Bunge la Bajeti linaongezewa siku, na mwanzoni mwa Julai yote imepita.

Juni 2019: marekebisho ya sheria mbalimbali, sheria nane ndani ya muswada mmoja, zikiwemo za asasi za kiraia, takwimu na makampuni. Kutangazwa mpaka kupitishwa ni kama wiki moja na siku kidogo.

Juni 2023: hili lilikuwa azimio, si muswada, lakini ni ndugu yao. Mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 25, 2022. Bunge likaujadili na kuuridhia kwa siku moja, Jumamosi ya Juni 10, 2023. Yaani miezi zaidi ya saba tangu usainiwe, halafu siku moja ya mjadala. Kelele zilizofuata nchi nzima wote tunazikumbuka. Watu walianza kuujadili wakati wawakilishi wao wameshamaliza.

Si kila dharura huja Juni, tuseme ukweli. Sheria ya Makosa ya Mitandao ilipita kwa hati ya dharura Aprili 1, 2015. Lakini orodha hiyo hapo juu inatosha mtu kujiuliza. Kwetu Ufipa mahindi yanaiva msimu huo huo, na tunajua sababu: mvua ilianza Novemba. Dharura nayo inapandwa lini mpaka iive Juni?

Jibu langu ni hili. Juni ndiyo mwisho wa Bunge la Bajeti. Wabunge wamekaa Dodoma tangu Aprili, wamechoka, wizara zote zimepangiwa kupita kabla ya Juni 30, na kila mtu anawaza kurudi jimboni. Ni sawa na mhadhiri anayegawa kazi tatu wiki ya mwisho kabla ya UE. Utazikusanya, ndiyo, lakini usiniambie umezisoma.

Na msidhani mambo haya ni ya wakubwa peke yao. Mwishoni mwa 2016 makato ya mikopo ya elimu ya juu yalipandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Yalipitia wapi? Kwenye muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, yamebanwa katikati ya mambo mengine. Mwalimu aliyeajiriwa akaja kujua siku alipoona salari slipu yake. Sisi tunaokula bumu leo ndio wa kesho, jamani. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji anaijua mbinu hii: linalowahusu wengi linawekwa kwenye "mengineyo", jua limezama na kina mama wameshaondoka kwenda kupika.

Haki nayo itendeke. Ratiba ikipangwa vizuri inaleta mema. Zamani hotuba ya bajeti ilisomwa Juni na mjadala wa wizara ukaendelea mpaka Agosti, wakati mwaka wa fedha umeshaanza Julai 1. Kuanzia mwaka 2013 mjadala ukasogezwa Aprili ili yote yaishe Juni 30. Kwa mkulima anayehitaji mbolea kabla ya mvua za Novemba, miezi hiyo miwili si midogo. Hakuna katiba iliyobadilishwa hapo, ni kalenda tu imeguswa. Hata maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi ni nusu saa tu, lakini wananchi wanayasubiri kuliko hotuba ya saa mbili, kwa sababu pale hakuna karatasi iliyoandikwa ofisini.

Ila kwenye hiyo hiyo bajeti kuna gilotini. Mbunge anatishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate jibu, vifungu vinapitiwa kimoja kimoja, muda ukiisha vilivyobaki vinapitishwa vyote kwa mkupuo. Mabilioni yanapita bila mtu kuuliza, kwa sababu ya saa ya ukutani.

Wenye hoja tofauti watasema Serikali imechaguliwa kufanya kazi, haiwezi kusubiri wabunge wapige soga. Nakubali kwamba lazima mjadala uwe na mwisho. Lakini Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndilo linaloisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mwanafunzi akimpangia msimamizi siku ya kumkagua na dakika za kukaa darasani, ukaguzi huo tutauitaje?

Mimi ningependekeza matatu. Kwanza, hati ya dharura ije na maelezo ya dharura yenyewe, na Bunge lipige kura kama kweli ipo kabla ya kugusa muswada. Pili, salamu na pongezi ziondolewe kwenye dakika za kuchangia, Spika azitoe mara moja asubuhi kwa niaba ya wote. Tatu, zitengwe siku maalumu za hoja za wabunge wasio mawaziri. Uingereza, ambako taratibu zetu nyingi zimetoka, upinzani una siku 20 kila kikao cha kuchagua wenyewe cha kujadili. Kwetu, ambako tangu 2020 karibu viti vyote ni vya chama kimoja, siku hizo wapewe hata wabunge wa nyuma wa chama hicho hicho.

Hili la tatu kwetu walimu lina kidonda. Mwanzoni mwa 2013 James Mbatia alileta hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu na mitaala. Ukawa mvutano, haikupita kama alivyoileta. Februari hiyo hiyo yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Sisemi hoja ingewaokoa, mtihani walikuwa wameshafanya. Nasema kulikuwa na mtu mlangoni anapiga hodi na ratiba haikuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Kwa hiyo Juni ijayo, mkisikia muswada umeingia kwa hati ya dharura, msikimbilie kuuliza una nini ndani. Anzeni na swali la mwalimu: umepewa dakika ngapi?

Naomba kuwasilisha.