Hadhi ya Duka Hailipi Madeni

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikiitazama historia ya maduka makubwa nchini, naona methali hii yataka nyongeza: kizuri hujiuza maadamu aliyekileta dukani amelipwa.

Maduka hayo hayakuwa na hadhi moja. Uchumi lilianzishwa mwaka 1975 kwa fedha za mashirika ya umma, nia ikiwa kumfikishia mwananchi bidhaa muhimu kwa bei nafuu. Nakumatt, ambalo chimbuko lake ni duka la magodoro mjini Nakuru, liliwalenga wenye uwezo. Lilikodi nafasi pana katika majumba ya kifahari, likauza samani na runinga kando ya unga na sukari, na baadhi ya matawi yake hayakufungwa usiku. Tuskys nalo liliwafuata watu wa kipato cha wastani na cha chini katikati ya miji na karibu na vituo vya matatu.

Mwanafunzi atauliza: ikiwa pakiti ya unga ni ileile, tofauti i wapi? Jibu ni kwamba mteja hanunui unga pekee. Hununua pia taa, nafasi ya kuegesha gari na heshima ya kuonekana pale. Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017, wapo waliobeba mfuko wenye nembo ya tembo wa Nakumatt kama cheti cha ustawi.

Hata hivyo, maduka haya ya ngazi mbalimbali yalipatwa na maradhi mamoja. Uchumi lilifungwa kwa muda mwaka 2006, likafufuliwa, kisha likayumba tena. Nakumatt, likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, liliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Tuskys nalo likaanza kufunga matawi mwaka huohuo. Nionavyo mimi, hadhi haikuwaponza wala kuwaokoa. Kilichowaponza ni kupanuka kwa fedha za watu wengine: mwoka mikate, mfuga ng'ombe na mwenye kiwanda kidogo cha sabuni walileta bidhaa, wakangojea malipo kwa miezi. Walipochoka, rafu zikabaki tupu, na duka lenye rafu tupu halina ngazi.

Sheria ya Ushindani ilirekebishwa mwaka 2019 ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo pasipo sababu. Hatua hiyo ni njema, lakini mfanyabiashara mdogo atamshtakije mnunuzi ambaye ndiye tegemeo lake?

Kwa hiyo, nawasihi walimu wa somo la Biashara, wanapofundisha jinsi duka linavyojijengea jina, wawatake wanafunzi wajibu swali moja zaidi: aliyeleta bidhaa hizi alilipwa lini?