Jiwe Moja, Miezi Kumi na Miwili



Mwezi uliopita mzee mmoja alinikuta njiani nimepiga goti mbele ya jiwe, kamera usoni. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akaningoja nimalize. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karani, hebu niambie. Mtu hupigwa picha siku ya arusi, au siku ya kipaimara. Jiwe hili lina sherehe gani leo?"

Nikacheka, naye akacheka, lakini jibu sikuwa nalo palepale. Leo nataka kumjibu yeye, na wewe pia msomaji, maana najua wako wengi walioniona nikizungukazunguka porini wakadhani nimepoteza kitu.

Habari yenyewe ni hii. Kazi yangu hunipeleka vigangoni pamoja na madaftari. Kigango kimoja kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Baiskeli ya parokia ipo, lakini miiba ya migunga haiheshimu mpira wa mtu yeyote, na kwa hiyo mara nyingi natembea. Katikati ya njia pana jiwe la namna tuijuayo sote hapa Singida: mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana kama magunia ya mtama ghalani. Kushoto kwake mbuyu, nyuma yake kichaka, mbele uwanda mtupu.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, nilikuwa na kamera ndogo ya parokia, ile ya arusi na kipaimara, nikapiga picha moja pale wakati wa kupumzika. Januari iliyofuata nikapiga nyingine. Nilipoziweka mbili hizi pamoja mezani, mwenzangu ofisini alikataa katakata. Alisema ni mahali pawili mbalimbali. Ikanibidi nimwonyeshe ufa wa jiwe katika picha zote mbili, ndipo akakubali. Tangu siku ile nikajiwekea kanuni: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mahali palepale, saa ileile.

Nawe ukitaka kufanya hivyo, hata kwa simu ya mkononi, jambo la kwanza ni miguu yako. Tafuta alama isiyohama. Mimi husimama juu ya jiwe bapa lililozama ardhini; mbuyu naugusisha ukingo wa kushoto wa picha, na ufa nauweka katikati. Usipofanya hivi, picha zako hazitaweza kulinganishwa, utakuwa na picha kumi na mbili za mahali kumi na mbili.

Jambo la pili ni saa. Mimi hupiga saa moja asubuhi, jua likiwa chini, kila jani na kila kokoto ina kivuli chake. Mchana nchi yote huwa bapa kama chapati. Hapa kwetu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua lapita utosini kabisa, kivuli cha mtu chamkalia miguuni. Tena, saa sita mchana mwezi wa Juni kivuli cha jiwe kiko upande wa kusini, na Desemba kimehamia kaskazini. Mbuzi wanalijua jambo hili tangu zamani. Mimi mwenye cheti cha ualimu nililijua kwa picha.

Basi tufuate majira. Juni na Julai ni kipupwe, upepo wa Singida mwaujua. Majani ya nyika ni rangi ya mkate, mbuyu hauna hata jani. Wakati huu ndio mzuri wa kuwaona pimbi. Asubuhi hutoka mianyani kuota jua, wamejipanga juu ya jiwe kama wazee barazani, na mmoja hukaa juu zaidi akilinda. Akilia huyo, wote wametoweka. Michirizi myeupe uionayo kwenye mawe yao si chokaa wala si kinyesi cha tai. Ni mikojo yao iliyokauka miaka na miaka. Ukitaka picha yao, fika kabla yao, kaa chini, usisimame tena. Nusu saa yatosha. Wakikuzoea watakuhesabu kuwa jiwe lingine.

Kiangazi kina adui mmoja, nalo ni vumbi. Usifute kioo cha kamera kwa pindo la shati. Vumbi letu lina mchanga, litakwaruza. Puliza kwanza kwa mdomo mkavu, kisha futa polepole kwa kitambaa safi cha pamba. Kamera yangu husafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na daftari la ubatizo.

Septemba moshi wa mioto ya nyika hufunika upeo wote, jua huchwa jekundu kama kaa la moto. Mgeni mmoja alipoiona picha yangu ya mwezi huo aliuliza kama twakaa jangwani. La, jangwa la kweli, kama Chalbi kaskazini mwa Kenya, ni habari nyingine. Nchi yetu hungoja tu. Tena haingoji mvua inyeshe ndipo iamke: wale wa Manyoni na Itigi mnajua jinsi miyombo inavyotoa majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza kuanguka. Na mbuyu wangu, mvua zikikaribia, hutoa maua makubwa meupe yanayoning'inia. Hufunguka jioni, popo huja kunywa asali yake usiku, na kesho yake ua limenyauka. Nililala kigangoni makusudi siku moja ili nilipate jioni. Popo sikumpata hata mmoja, picha zote giza tupu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake usiende kazini bila kamera! Kumbikumbi hutoka vichuguuni, na kila mwenye mdomo huja: kanga, vifaranga wa jirani, watoto, korongo weupe waliosafiri kutoka Ulaya kukimbia baridi. Siku ile hawatuogopi sana, wote tuna kazi moja. Machi mpaka Aprili ni zamu ya alizeti, na hapo sina la kuwafundisha. Kila mtu hapa anaijua rangi ile.

Nisisahau ziwa. Mara chache niendapo mjini napita ziwa Singidani au Kindai kuwatazama heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi. Maji ya maziwa haya ni ya chumvi, na heroe wadogo hula mwani wa kijani usioonekana kwa macho. Rangi yao yatoka katika chakula hicho. Hawazalii hapa. Kwao kwa kuzalia ni ziwa Natron. Mwaka wa mvua nyingi maji hujaa, chumvi hupungua, chakula chao huzimuka kama uji ulioongezwa maji, nao huondoka. Kwa hiyo usiseme, "Nilikwenda sikuwaona, ni uongo." Nenda tena. Lakini usiwaendee mbio ili upate picha wakiruka. Heroe hulazimika kupiga mbio juu ya maji ndipo apae, na kila mara afanyapo hivyo apoteza nguvu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Zamani picha na bunduki zilisafiri pamoja. Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alipiga picha za simba usiku katika nchi hii, naye alitoa kitabu chake mwaka 1905. Aliwasha unga wa magnesiamu gizani uliotoa mwanga wa ghafula. Ili simba waje mbele ya kamera, alifunga ng'ombe na punda hai wawe chambo. Niliposoma habari hizi nilisikitika juu ya punda wale. Nikajisemea, mimi sina bunduki, mimi sifungi punda, mkono wangu ni safi.

Katika kichaka cha nyuma ya jiwe langu walikaa digidigi wawili, dume na jike. Mnawajua: mnyama mdogo, kilo tano hivi, mwenye doa jeusi la kamasi chini ya jicho kama aliyelia. Digidigi huishi wawili wawili, nao hawahami. Njia yao ni ileile, lundo la mavi yao ni lilelile, siku zote. Niliwavizia Jumamosi nne. Mwezi wa Agosti jike alitoka kwenye jua la asubuhi, akasimama, akanitazama. Nyuma yake jiwe lenye michirizi yake, limeonekana wazi kabisa.

Nikaipeleka mjini ikachapwa kubwa. Dominika nikaibandika kwenye ubao nje ya kanisa, na chini yake nikaandika kwa hati nzuri ya mwalimu: "Digidigi, saa moja asubuhi." Watu wakasongamana. Wakanisifu. Nami, nikiri, nilipita mbele ya ubao ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jiwe lile hakuna mtoto wa kigango asiyelijua.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba nilikuta nyayo za mbwa, na kwenye njia ya digidigi kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli. Dume alikuwa peke yake. Alisimama pembeni ya kichaka, hakukimbia upesi kama kawaida yake. Nilipiga picha ya mwezi, nikaondoka.

Sikumtuhumu mtu. Lakini baada ya siku chache mama mmoja alinifuata ofisini, akafunga mlango. Akasema, "Karani, sitaki ukae na fundo moyoni. Wiki ile watoto wangu walikula nyama. Sikuuliza imetoka wapi. Nilipokumbuka picha yako ndipo nilipojua." Unga ulikuwa ghali wakati ule, nyote mwakumbuka. Nikamwambia, "Asante, mama." Sikuwa na neno lingine.

Kuwinda bila kibali kumekatazwa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yasema hivyo, nami siifichi. Hata hivyo si sheria wala si yule mama aliyebandika ukutani mnyama, mahali pake na saa yake. Ni mimi.

Tangu hapo nina desturi nyingine. Mnyama nampiga picha karibu, nyuma yake majani tu au mbingu, pasipo jiwe, mti wala njia ya kumtambulisha. Saa siiandiki. Kiota sikionyeshi kabisa mpaka makinda yameruka. Na jiwe nalipiga peke yake.

Mwezi huu nilibandika ubaoni picha kumi na mbili za jiwe, Juni mpaka Mei, safu mbili. Nilidhani watu watatazama rangi tu: mkate, moshi, kijani, njano. Mzee yule wa fimbo akafika, akatazama kimya, akarudi ya kwanza, akaenda ya mwisho. Akaanza kuhesabu kwa kidole. "Karani, Juni kulia kwa jiwe pana migunga saba. Novemba mitano. Mei hii ni minne. Nani ameikata?"

Mimi niliyepita pale kila mwezi sikuiona ikipungua. Watu wawili watatu wakasogea, wakahesabu tena, wakapata vilevile. Mmoja akataja tanuri la mkaa bondeni. Mwingine akanyamaza, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti wa kigango akasema ataliweka jambo hilo katika kikao, na bila shaka halitakuwa jepesi, maana mkaa ule twaununua sisi sote, hata jiko la ofisi yangu.

Mzee akanivuta kando. "Jumamosi ya kwanza waenda?"

"Naenda, babu, Mungu akipenda."

"Nitakwenda nawe. Chini ya jiwe lile, upande wa mbuyu, palikuwa na kisima nilipokuwa kijana. Nitakuonyesha mahali pake, ukipige picha hata kama ni kikavu."

Tumekubaliana kuonana njia panda saa kumi na moja alfajiri, maana yeye hatembei haraka. Betri ya kamera naijaza Ijumaa jioni kwa sola ya parokia.