Kufunga mpaka si chanjo

Wanaodai mpaka ufungwe kila Ebola inapozuka Kongo waangalie yaliyotokea Juni 2019. Familia iliyotoka Kivu Kaskazini iliingia Uganda kwa njia za panya, ikakwepa kituo cha mpakani cha Mpondwe chenye maji ya klorini na vipimajoto, na mtoto wa miaka mitano akagundulika na Ebola wilayani Kasese. Hata hivyo ugonjwa haukusambaa Uganda, kwa sababu wahudumu wa afya walikuwa wamechanjwa miezi kadhaa kabla, maabara ilitoa majibu mapema, na waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja.

Nitaambiwa kwamba New Zealand ilifunga mipaka wakati wa korona ikafanikiwa. Sawa, lakini ile ni nchi ya visiwa, huingii kwa miguu. Mpondwe watu huvuka kwenda sokoni, hospitali na kuzika ndugu zao (na mazishi yana hatari kubwa). Ukifunga geti watapita vichakani, ambako hakuna wa kuwapima joto wala kuandika majina. Wanaoweza kuwaona huko ni wahudumu wa afya wa vijijini, kwa hiyo serikali zetu ziwaajiri na kuwalipa sasa, zisisubiri mlipuko.